Ngoma, mti na barua ya tarafa

Mwaka 2025 Buhinyuza iliacha kuwa tarafa. Burundi ilikuwa na mikoa 18 na tarafa 119. Baada ya uchaguzi wa mwezi wa sita mwaka ule ikabaki mikoa 5 na tarafa 42. Mkoa wetu wa Muyinga uliunganishwa na Cankuzo na Ruyigi, ukaitwa Buhumuza, makao yake Cankuzo. Ukizihesabu tarafa 7 za Buhumuza, jina la Buhinyuza hulioni humo. Vilima bado vipo, kahawa ipo, shule zipo. Kilichoondoka ni ofisi ya musitanteri na baraza lake.

Hapa Nyarugusu, sisi tuliotoka upande ule tulilizungumza jambo hili siku mbili tatu, kisha likapita. Wazee waliuliza kuhusu mashamba: hati zitakuwa wapi, kesi zitasikilizwa wapi. Ni haki yao kuanza na hilo. Lakini mimi kazi yangu ni vijana. Kila Jumanne na Alhamisi mchana niko na kikundi chetu cha ngoma na michezo ya kuigiza, na swali lililonikaa kichwani lilikuwa lingine. Lile baraza la tarafa, lilipokuwepo, kazi yake kwa ngoma ilikuwa nini? Na sasa limesogezwa mbali, nani ataifanya? Watu wanahimizwa kurudi nyumbani. Tukirudi na vijana wanaojua kupiga, tutabisha hodi mlango gani?

Nilifikiri nitaandika kurasa mbili kuhusu tarafa na bajeti, basi. Lakini kwetu huwezi kuzungumza habari ya serikali na sanaa bila kwenda hadi kwa wafalme, kwa sababu katika Kirundi neno ni moja. Ingoma ni ngoma ile ya kupigwa, na ingoma ni ufalme, utawala. Watoto waliozaliwa hapa kambini wengi hawalijui hilo. Wanajua ngoma ni kitu cha kupokelea wageni.

Zamani za mwami, ngoma haikuchongwa kwa kupenda tu. Ilichongwa kwa sababu kubwa: mfalme anatawazwa, mfalme anazikwa, au ni umuganuro, ile sikukuu ya mtama iliyofungua msimu wa kupanda. Ngoma kuu ya ufalme iliitwa Karyenda, na ilitolewa watu waione wakati wa umuganuro. Nyingine, Rukinzo, ilimfuata mwami popote alipokwenda. Ngoma hizo zilikuwa na nyumba zao na walinzi wao, na nyumba za ngoma zilikuwa na vilima vyake: Gishora, Makebuko, Higiro na vinginevyo.

Gishora ndiyo inayojulikana zaidi. Iko kilomita kama 7 kaskazini ya mji wa Gitega. Aliyeianzisha ni Mwami Mwezi Gisabo, yule aliyetia saini mkataba na Wajerumani huko Kiganda mwaka 1903, baada ya kumshinda mtu aliyemuasi aitwaye Ntibirangwa. Pale kuna ngoma mbili takatifu, na nawaomba wasomaji wayatazame majina yake kwa makini. Moja inaitwa Ruciteme, yaani ile ambayo kwa ajili yake watu wanafyeka msitu. Nyingine inaitwa Murimirwa, ile ambayo kwa ajili yake watu wanalima.

Kufyeka na kulima. Niliposoma majina hayo mara ya kwanza niliyaona ya ajabu, maana nilitegemea majina ya vita au ya simba. Kumbe waliozipa ngoma majina walikuwa wanasema ukweli wa jinsi ngoma inavyoishi. Mwami hakuwapa wapigaji makofi. Aliwapa kilima. Familia za wapigaji zilikaa hapo, zilipanda, zilikula, zilifundisha watoto wao, na mti wa kuchongea ngoma ulikua hapo hapo. Mti huo kwa Kirundi tunauita umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Watanzania wanauita mringaringa. Ukipita mashamba ya kahawa unauona umesimama juu ya mikahawa kama mwavuli.

Sitaki mtu adhani naililia enzi ya wafalme. Mwami alilisha ngoma kwa sababu ngoma ilikuwa kiti chake. Mtu wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kujichongea ngoma yake na kuipiga jioni akinywa pombe ya ndizi. Aliyetoa shamba ndiye aliyeshika pia kamba, na kamba ile tutaiona tena mbele. Ninachosema ni kimoja tu: wakati ule msaada kwa sanaa ulikuwa ardhi, mti na muda. Ulikuwa kitu ambacho mtu angeweza kukionyesha kwa kidole.

Halafu wakaja Wabelgiji na kupanga upya. Mwaka 1929 Burundi ilikuwa na himaya za watware 133. Ilipofika 1933 zimebaki 46. Msomaji, linganisha na ile 119 na 42 ya juzi, utaona kwamba kuunganishwa si jambo jipya kwetu. Boma la mtware lilikuwa ndiyo jukwaa la watu wa sanaa. Mpiga inanga alikwenda pale kuimba usiku, akapata chakula na zawadi. Boma likifungwa kwa sababu himaya imemezwa na jirani, hakuna aliyeandika kwenye karatasi kwamba mpiga inanga naye amefutwa kazi, lakini pa kwenda hana. Na umuganuro wenyewe, zama za Mwami Mwambutsa wa Nne, chini ya Wabelgiji na wamisionari ambao waliuona ushirikina, ukaachwa. Ngoma zikabaki bila kazi yake kubwa.

Tarafa zilikuja mwishoni mwa ukoloni. Uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ya tarafa ulifanyika Novemba 1960, uhuru ukaja tarehe 1 Julai 1962, na ufalme ukafutwa tarehe 28 Novemba 1966. Hapo sasa ingoma ya utawala haipo, imebaki ingoma ya kupigwa. Nani anairithi? Jibu la miaka ile lilikuwa: taifa. Wapigaji wakawa watu wa sherehe za taifa, wa uwanja wa ndege na wa safari za nje. Ngoma yetu ilirekodiwa na Wafaransa miaka ya 1960, na mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, akaweka mlio wa ngoma za Burundi ndani ya wimbo wake. Mwaka 1982 wapigaji wa Burundi walikuwa kwenye tamasha la kwanza la WOMAD huko Uingereza. Dunia ilizisikia. Mwaka 2014 UNESCO ikaiandika ngoma ya kifalme kwenye orodha ya urithi wa binadamu wote.

Hiyo ndiyo historia ambayo inasomwa kwenye vitabu. Ile ya tarafa haisomwi, na mimi ninayo kidogo tu, ya nyumbani.

Baba yangu mdogo alikuwa mpigaji. Hakukaa Buhinyuza, alioa na kuhamia tarafa nyingine ya mkoa wa Muyinga ambayo sitaitaja. Kikundi chao kilikuwa cha wanaume kumi na mmoja wa kilima kimoja, wakulima wote. Karibu na sikukuu ya uhuru, barua ilikuwa inakuja kutoka ofisi ya tarafa. Ina muhuri, ina tarehe, inasema kikundi kifike saa mbili asubuhi. Walikuwa wanatoka nyumbani giza halijaisha, ngoma kichwani, na unajua ngoma ya umuvugangoma ina uzito gani. Walipiga, viongozi wakahutubia, walipiga tena, wakapewa kreti za bia na za Fanta za kugawana. Wakarudi kwa miguu jioni. Baba mdogo alikuwa anafurahi, nisiseme uongo. Bibi yangu ndiye alikuwa anauliza: shamba la leo limelimwa na nani?

Mwaka mmoja ngozi ya ngoma ya kati ilipasuka. Ile ya kati, inkiranya, ndiyo inayoongoza. Zile zinazoitwa amashakwe zinashika mdundo mmoja bila kubadilika, na ibishikizo zinamfuata aliye katikati. Bila inkiranya hakuna kikundi. Wakaenda kwa ile ofisi kuomba mchango wa ngozi ya ng'ombe. Wakaambiwa hakuna kifungu. Mwezi wa saba ukifika, barua ikaja kama kawaida, na muhuri wake. Walijichangisha wenyewe, wakanunua ngozi, wakaenda.

Nimeisimulia kwa sababu nadhani wengi humu mnazo hadithi kama hiyo, awe Mrundi awe Mkongomani. Sanaa ilikuwa na mstari kwenye ratiba ya sherehe, haina mstari kwenye bajeti. Tarafa ilijua kuita. Mwami naye aliita, lakini kabla ya kuita alikuwa ametoa kilima.

Sasa tuje kwenye 2017, maana ndiyo inayotugusa sisi wenye umri huu. Tarehe 20 Oktoba mwaka ule Rais Nkurunziza alitia saini amri kuhusu ngoma. Vikundi viandikishwe wizarani. Ngoma ikipigwa nje ya sherehe rasmi, kitafutwe kwanza kibali cha wizara ya utamaduni, na ilipwe ada ya faranga 500,000 kwa hazina ya serikali, karibu dola 280 kwa bei ya wakati ule. Na wanawake wasipige ngoma. Wao wacheze ngoma za kike za kienyeji.

Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda urithi, na sitaki kuicheka. Kuna watu walikuwa wanapiga ngoma ya mwami kwenye harusi kama disko, mpigaji analipwa soda, na wazee iliwauma. Lakini tazama hesabu. Miaka ile ile serikali ilianza kuzipa tarafa faranga milioni 500 kila moja kwa mwaka, za maendeleo. Ni pesa nzuri, zilijenga madarasa na mambo mengine ya maana. Hivyo kwa upande mmoja milioni 500 zinashuka kwenye tarafa, na kwa upande wa pili laki tano zinapanda kutoka kwa mkulima anayetaka kupiga ngoma kwenye harusi ya binti wa jirani. Mimi ningeuliza kama hizo laki tano zingeweza angalau kubaki kwenye tarafa, zinunue ngozi. Amri inazipeleka hazina. Baraza la tarafa, ambalo liko karibu na kikundi, halipewi neno hapo. Kamba ile ya mwami imerudi, shamba halikurudi nayo.

Kuhusu wanawake nitasema zaidi, na mnivumilie, kwa sababu mimi ni msichana na ninafundisha wasichana.

Sehemu za ngoma yetu zina majina. Ngozi ya juu inaitwa icahi, ile ngozi ambayo mama alimbebea mtoto mgongoni. Vile vigingi vinavyoshika ngozi ni amabere, maziwa ya mama. Kuna urugori, taji la mwanamke aliyezaa. Tumbo la ngoma ni inda. Mguu wake ni umukondo, kitovu. Ukiitaja ngoma kutoka juu mpaka chini unakuwa umemtaja mama mzima.

Hapa kambini kuna mzee mmoja ambaye namheshimu sana, alikuwa mpigaji kwao kabla ya vita ya 1993. Siku alipomwona binti wa miaka 16 ameshika fimbo za inkiranya, aliniita pembeni. Akaniambia, "Mwanangu, ngoma ni mama. Wewe utampiga mama yako?"

Nikamjibu, "Shikamoo mzee. Na wanaume je, wao wanampiga?"

Alicheka mpaka akakohoa. Hakukubali, mpaka leo hajakubali, lakini huwa anakuja na kiti chake kutazama mazoezi, na binti akikosea mdundo yeye ndiye wa kwanza kusema "hapana, rudia". Sijui mnaliitaje hilo kwenye ripoti zenu, ndugu zetu wa mashirika. Mimi naliita kufundisha.

Jirani zetu Rwanda walilipitia jambo hili mapema. Kule pia ngoma ilikuwa ya wanaume. Mwaka 2004 Odile Gakire Katese akaanzisha huko Butare kikundi cha wanawake watupu, Ingoma Nshya, yaani ngoma mpya, na ndani yake walikuwemo wanawake waliopoteza watu katika mauaji ya 1994 na wanawake ambao watu wao walihusika kuua. Wakapiga pamoja, wakazunguka dunia. Wazee wa Rwanda walinung'unika, kisha wakazoea. Ngoma haikufa.

Na kuna sanaa ya wanawake wa Burundi ambayo hakuna amri iliyoikataza wala barua iliyoiita. Akazehe, ile salamu ndefu ya kuimbiana, mwanamke na mwanamke, sauti zinapokezana haraka haraka mpaka mgeni anadhani wanagombana. Bibi yangu alikuwa anasalimiwa hivyo na shoga zake wakikutana njiani. Haihitaji ngozi, haihitaji mti, haihitaji faranga hata moja. Inahitaji wanawake wawili wanaoikumbuka, na mtoto aliyesimama karibu akisikiliza. Kambini nimewapata mabibi wanne tu wanaoiweza vizuri, na wawili kati yao wamejiandikisha kurudi.

Je, kuna tarafa iliyowahi kufanya vizuri? Ipo mifano, na ningependa ijulikane zaidi kuliko malalamiko. Burundi ilikuwa na vituo vya kusoma na vya burudani ya utamaduni katika tarafa za vijijini, watu waliviita CLAC, chini ya jumuiya ya nchi zinazozungumza Kifaransa. Mpango huo ulianza mwaka 1986 huko Benin ukasambaa nchi nyingi. Makubaliano yake yalikuwa mepesi: jumuiya inaleta vitabu, vifaa vya muziki na video, michezo ya mezani, nchi na tarafa wanatoa jengo na mtu wa kulitunza. Mtu huyo ndiye kila kitu. Vitabu bila mtunzaji ni chakula cha panya. Pale mtunzaji alipolipwa, mlango ulikuwa wazi jioni, na vijana walifanya maigizo humo humo ndani. Pale asipolipwa, mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo yuko nao mtu ambaye amekwenda kulima.

Mjini Muyinga kwenyewe kuna maktaba iliyokamilika mwaka 2012, sehemu ya shule ya watoto viziwi. Imejengwa kwa matofali ya udongo wa pale pale, na ndani kuna wavu mkubwa wa kamba za katani, watoto wanapanda juu yake na kulala wakisoma. Waliochora ni wasanifu kutoka Ubelgiji, lakini mikono na udongo ni vya Muyinga. Picha zake zimezunguka dunia nzima. Kila ninapoziona nafikiria kitu cha kawaida kabisa: nani anafungua mlango asubuhi, na analipwa na nani.

Huku Tanzania tulipo, halmashauri zina afisa utamaduni, kazi ambayo mizizi yake ni ya zamani: Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni na vijana mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Na sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo umekuwa na matatizo yake, ulisimamishwa 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata. Sisi wakimbizi hatumo. Lakini ni vizuri vijana wetu wajue kwamba jambo kama hilo linaweza kuandikwa kwenye sheria kwa tarakimu, siyo kwa hisani ya kiongozi. Burundi, wizara ambayo utamaduni umo ndani yake ina pia vijana na michezo. Mkifika mbele ya baraza la tarafa na karatasi iliyoandikwa "michezo na utamaduni", jiandaeni: mpira utakula sahani yote. Omba kwa jina la kitu. Ngozi mbili. Miche thelathini.

Nirudi kambini, maana tusiwaseme musitanteri tu tukajisahau. Sisi hapa hatuna baraza la tarafa, tuna viongozi wa zoni, tuna mashirika, tuna ofisi. Kwa mambo ya sanaa, hao kwa pamoja ndio tarafa yetu. Na wanafanya vile vile. Kila mwaka ikikaribia 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, simu yangu inaanza kulia. Wanataka ngoma dakika tano, wageni wakishuka kwenye magari. Mwaka mmoja shirika moja lilitupa fulana 30 zilizoandikwa maneno mazuri, na soda. Tulishukuru, fulana ni nguo. Bei ya zile fulana ingenunua ngozi za miaka mitatu. Ngoma zetu ni saba, kwa sababu hata ukimbizini hatupigi ngoma za idadi shufwa. Mbili ni za mti, zilikuja na wenyewe, tano ni mapipa ya plastiki yaliyovishwa ngozi ya mbuzi. Pipa linalia, lakini linalia kwa juu, halina tumbo. Kukata miti hatuwezi, na sababu zake tunazielewa, msitu umeisha na wenyeji wanalalamika. Basi tumeomba kupanda. Tuliomba miche ya mringaringa kwenye mradi wa kupanda miti, ule ule wa kila mwaka, na kiti cha mzee mmoja chini ya kivuli saa mbili kwa wiki, alipwe posho kama mhamasishaji mwingine yeyote. Hilo la pili lilishangaza watu zaidi kuliko la kwanza. Eti mzee hana cheti. Nikasema cheti chake mtakisikia akipiga.

Miche tulipata kumi na miwili. Posho bado.

Najua kuna atakayesema: watu wanapunguziwa mgao wa chakula, wewe unaongelea ngozi za ngoma. Ni neno la kweli na sina jibu la kulinyamazisha. Naweza kueleza nilichokiona tu. Mgao ulipopungua, mahudhurio ya mpira yalishuka, ya mafunzo ya cherehani yalishuka, ya ngoma yalibaki. Vijana walikuja na njaa. Wengine walikuwa wanakaa chini hawapigi, wanasikiliza tu mpaka giza.

Kwa wale wanaorudi upande wa Buhinyuza, haya ndiyo nimewaandikia kwenye karatasi, na nayaweka hapa ili yasipotee. Baraza lenu jipya liko kwenye tarafa kubwa, lina vilima vingi kuliko zamani na litakuwa na masikio machache kwa kila kilima. Msisubiri barua ya sikukuu. Nendeni mapema, kabla bajeti haijapangwa, mkiwa na mkuu wa kilima, kwa sababu yeye anawajua. Ombeni sehemu ya ardhi ya tarafa ya kupanda umuvugangoma, hata ukingo wa barabara, hata uwanja wa shule. Mti ule haugombani na kahawa. Ombeni darasa moja siku ya Jumamosi. Kuhusu kibali cha wizara, ulizeni tarafa iwaandikie na kuwapelekea, maana safari ya kwenda kutafuta muhuri ni nauli, na nauli ndiyo inayoua vikundi vya vijijini. Wasichana waliojifunza huku wasifichwe. Waambieni viongozi mlichonacho, muwaache waamue wakiwa wanawaangalia usoni.

Mwezi uliopita ndugu wawili wa kikundi chetu walijiandikisha. Mmoja ndiye mwenye ngoma moja ya mti, ya baba yake, iliyovuka mpaka wa Kobero mwaka 2015 juu ya baiskeli. Aliuliza kwenye dawati la safari kama ngoma inahesabiwa kwenye mizigo. Aliyekuwa pale alikwenda kuuliza kwa mkubwa wake, akarudi, akapima upana wake kwa mkono, akaandika: samani, moja.